Neno ‘kaza’ libaki jukwaani, mteremkoni vijana wafundishwe kulegeza

JUKWAANI neno “kaza” linatibu kila kitu. Beki amelemewa dakika ya 85, anaambiwa akaze. Straika anachechemea, anaambiwa akaze. Timu imefungwa mbili bila, jukwaa zima linaimba kaza, na wakati mwingine kweli bao linarudi. Shabiki wa soka Afrika Mashariki amelelewa kwenye neno hilo, na akihamia mchezo mwingine analibeba kama anavyobeba jezi.

Upo mchezo mmoja ambao neno hilo linamwangusha mtu. Ni kuteremka mlima kwa baiskeli, kwenye njia ya mawe, mizizi na makorongo. Huko anayekaza mikono ndiye wa kwanza kuishiwa mikono.

Hali yenyewe inajulikana kwa yeyote aliyewahi kushuka njia mbovu kwa dakika kadhaa mfululizo. Dakika ya kwanza ni raha tupu. Ya pili, vigasha, yaani kipande cha mkono kati ya kiwiko na kiganja, vinaanza kuwaka. Ya tatu vinajaa na kuwa vigumu kama gogo. Baada ya hapo vidole vinagoma. Ukitaka kuviachia usukani havifunguki vizuri, ukitaka kuvuta breki havina nguvu. Waendeshaji wa Ulaya na Marekani wanaiita hali hiyo pampu ya mkono, kwa jinsi mkono unavyojaa kama tairi lililopigwa upepo.

Wengi wanalichukulia jambo hili kama maumivu ya kawaida ya mazoezi, ya kukandwa kwa maji ya moto jioni na kusahaulika. Hapo ndipo kosa lilipo. Mchezaji mpira akishikwa na msuli anakaa chini, refa anasimamisha mchezo, daktari anaingia na dawa yake ya kupuliza. Mwendesha baiskeli akifiwa na mikono katikati ya mteremko hana refa. Chombo kinaendelea kuongeza kasi na kitu pekee cha kukisimamisha ni vidole viwili ambavyo havimsikii tena. Ajali nyingi za mwisho wa mteremko huitwa bahati mbaya, au jiwe, au kona kali. Zichunguzwe vizuri. Jiwe lilikuwepo tangu asubuhi. Kilichokuwa kimeondoka ni nguvu ya kuvuta breki.

Suala hili limekuwa la kwetu zaidi tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Watu waliokuwa hawajui hata gia inabadilishwaje walikaa mbele ya runinga wakimwangalia Tadej Pogačar akiwaacha wenzake kwenye vilima vya Rwanda. Na Rwanda haikuanza jana. Adrien Niyonshuti alishindana kwenye baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London 2012, mbio za kupanda na kushuka, akamaliza wa 39. Kwa hiyo kijana wa Lushoto, Ngong au Musanze anayetazama mlima wa kwao na kuona uwanja wa michezo hajapotea. Milima anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia aanzie wapi, na wengi wanaojitolea kumwambia ni wale wa kaza.

Kwanza kijana huyo ajue kwamba mikono kujaa si dalili ya ulegevu. Kule Fort William, Uskoti, ipo njia ya mashindano inayoshuka zaidi ya mita 500 ndani ya kama kilomita 2.8, mawe karibu mwanzo hadi mwisho. Mabingwa wanaimaliza kwa takribani dakika nne na nusu. Ni muda mfupi kuliko mapumziko ya mpira, lakini wanaofika chini huonekana wakikunjua vidole taratibu kama waliotoka kubeba mifuko ya saruji. Pale pale Greg Minnaar wa Afrika Kusini alijenga jina kwa kushinda mara nyingi, na mwaka 2021 alitwaa taji lake la nne la dunia akiwa na umri wa miaka 39. Mchezo ungekuwa wa ubavu wa mikono peke yake, mzee huyo angekuwa ameshafukuzwa na vijana wa miaka 20 muda mrefu kabla.

Kwenye pikipiki za mashindano maradhi ni hayo hayo. Mei 2, 2021, huko Jerez, Hispania, Fabio Quartararo alikuwa anaongoza mbio za MotoGP, na waliokuwa wakitazama walishaanza kuhesabu pointi. Mkono wa kulia ukamgomea. Akapitwa na mmoja, akapitwa na wengine, akamaliza wa 13. Siku chache baadaye akafanyiwa upasuaji wa mkono, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia. Aliyeshinda siku hiyo ya Jerez, Jack Miller, naye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa aina hiyo mwezi mmoja kabla. Hawa ni watu wanaolipwa, wana madaktari na wataalamu wa mazoezi. Kama wao mikono inawafia, kijana aliyekodi baiskeli kwa siku moja asione aibu.

Kinachotokea ndani ya mkono ni rahisi kueleza. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka sana, mfano wa soseji ndani ya ngozi yake. Msuli unaofanya kazi unataka damu nyingi, na moyo unaisukuma. Lakini msuli uliokazwa bila kuachiliwa unaibana mishipa inayorudisha damu, ambayo kuta zake ni laini. Damu inaingia, kutoka inatoka kwa taabu. Msuli unavimba, utando hautanuki, shinikizo linapanda, na sasa hata damu mpya inapata shida kuingia. Nguvu inaisha na maumivu yanaanza. Ndiyo maana mtu akisimama na kuachia mikono kwa dakika chache, hali hupungua yenyewe.

Neno la muhimu hapo ni “bila kuachiliwa”. Mkono unaokaza na kulegea, kukaza na kulegea, unajisukumia damu wenyewe. Mkono uliokaza tu unajinyonga. Basi kinga yote, iwe ya spana, ya upepo wa tairi au ya namna ya kusimama, inalenga kitu kimoja: kumpunguzia mwendeshaji sababu ya kuubana usukani.

Sababu kubwa kuliko zote ni breki, na inashangaza jinsi zinavyosahaulika. Baiskeli inatoka dukani mikono ya breki ikiwa imefungwa kwa ajili ya mtu yeyote, maana yake si kwa ajili ya mtu mahususi. Mwenye vidole vifupi analazimika kunyoosha kidole mpaka mwisho ndipo aufikie mkono wa breki, na kidole kilichonyooka hivyo hakina nguvu. Anaongeza cha pili, halafu cha tatu. Sasa usukani wote umebaki na kidole kidogo na dole gumba, na hivyo viwili vinashika kwa hofu. Mbio hazijaanza na mkono tayari umechoka.

Breki nyingi za kisasa zina skrubu ndogo ya kusogeza mkono wa breki karibu na usukani. Isogezwe mpaka kidole cha shahada kikiwa kimekunja kidogo kiukamate bila kunyoosha. Kisha mfungo mzima usukumwe ndani, mbali na raba za usukani, ili kidole hicho kikae kwenye ncha ya mkono wa breki na si katikati. Kila aliyewahi kufungua nati iliyoganda anajua kwa nini: spana ndefu haitaki nguvu nyingi. Breki ya mafuta yenye diski, ikiwa nzima, inavutwa kwa kidole kimoja kila upande, na vitatu vinavyobaki vinashika usukani bila wasiwasi. Mwisho ni pembe. Mikono ya breki iliyoelekea chini sana inamfaa anayepanda mlima akiwa ameketi. Anayeshuka amesimama na kurudisha makalio nyuma, hivyo inabidi iinuliwe, karibu ilale sambamba na ardhi, ili kifundo cha mkono kinyooke na kigasha. Kifundo kilichokunjwa kinaubebesha msuli kazi isiyo yake.

Yote hayo ni kazi ya dakika 10 na funguo mbili. Hakuna kifaa cha kununua.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi, kwa sababu ushauri mwingi wa ughaibuni unaliruka. Baiskeli nyingi zinazozunguka mitaani kwetu hazina breki za mafuta. Zina waya na raba zinazobana rimu, waya wenyewe una kutu, raba zimekwisha hadi chuma kinaonekana. Kwa breki hizo sheria ya kidole kimoja haifanyi kazi, na anayemwambia kijana ashuke nayo hivyo anamtuma korongoni. Huyo abadilishe waya, aweke raba mpya, atie mafuta kidogo ndani ya ganda la waya, atumie vidole viwili, na ashuke kwa mwendo ambao vidole viwili vinaumudu. Pia anayeshuka na breki za mafuta ambazo mkono wake unazama mpaka kugusa usukani ana hewa ndani ya mrija au pedi zilizokwisha. Fundi kwanza, mlima baadaye.

Baada ya breki ni namna ya kusimama. Mgeni wa mteremko akiogopa hufanya vitu vitatu kwa pamoja: ananyoosha viwiko, anasogeza macho kwenye tairi la mbele, na anaegemea mikono. Uzito wake wote sasa umekaa kwenye viganja, na kila jiwe linapita kwenye usukani moja kwa moja mpaka begani. Anabana ili asirushwe, na kadiri anavyobana ndivyo anavyorushwa zaidi.

Uzito unapaswa kukaa miguuni. Pedali mbili ziwe sawa, mbele na nyuma, visigino vishuke kidogo, magoti yawe laini, makalio yarudi nyuma huku kifua kikiinama, viwiko vikunjwe na kutazama nje. Kipa anayesubiri penalti husimama karibu hivyo hivyo: hajanyooka, hajachuchumaa, uzito uko kwenye nyayo, mikono iko tayari lakini haijashika kitu. Aliyesimama vizuri kwenye pedali anaweza kufungua vidole vyote kwa sekunde moja juu ya mawe na baiskeli ikaendelea na safari. Hilo ndilo jaribio la kocha, na lifanyike kwenye mteremko mdogo wa nyasi kabla ya kwenda mlimani: mwanafunzi akishindwa kuchezesha vidole kama anayepiga kinanda huku anashuka, bado amejiegemeza kwenye mikono.

Kwa sababu hiyo miguu ina deni kubwa hapa kuliko watu wanavyodhani. Paja likichoka, mtu anaanza kuketi au kuegemea mbele, na mikono inalipa. Kijana anayekwenda jimu kukunja vyuma vya mkono miezi mitatu, halafu akashangaa mbona bado vigasha vinajaa, angepata faida zaidi kwa kuchuchumaa na kuinuka, na kukaa kwenye mkao wa kushuka dakika mbili, tatu, nne bila kuinuka. Mazoezi ya mikono yana nafasi yake. Kuning’inia kwenye bomba, kutembea na ndoo mbili za maji, kuinua uzito mdogo kwa mgongo wa kiganja, yote yanasaidia mkono uchelewe kuchoka. Lakini mkono wenye nguvu unaobana vibaya utakufa tu, tofauti ni kwamba utakufa dakika ya tano badala ya ya tatu.

Halafu kuna tabia ya kuburuza breki. Mwoga anavuta breki kidogo kidogo kuanzia kileleni hadi chini, hajaachia hata mara moja, akidhani ndiyo usalama. Msuli haujapumua njia nzima, na diski nazo zimepata moto mpaka nguvu yake inapungua. Anayejua anavuta kwa nguvu na kwa muda mfupi, kabla ya kona, mahali penye ardhi nzuri, halafu anaachia kabisa anapopita kwenye mawe. Kila anapoachia, mkono unapata damu. Kwa kufanya hivyo lazima aangalie mbali, mita 10 au 15 mbele, apange wapi pa kuvuta na wapi pa kuachia. Ni kama kiungo mzuri anayejua pasi anaipeleka wapi kabla mpira haujamfikia. Na pumzi iendelee. Wengi hubana pumzi kwenye mawe bila kujijua, na mwili unaobana pumzi hubana na ngumi.

Upepo wa tairi usipuuzwe. Tairi lililojazwa mpaka linalia kama ngoma linafaa lami. Mlimani linarusha kila kokoto mkononi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana la inchi 2.4 lisilo na mpira wa ndani huanzia psi 22 hadi 26, na la nyuma huzidi kidogo la mbele. Mwenye mpira wa ndani aongeze kidogo, maana tairi laini likigonga jiwe linaubana mpira kwenye rimu na kuutoboa. Shokapu nalo lina kosa lake la kawaida: likirekebishwa lirudi polepole mno, linakutana na jiwe la pili likiwa bado limezama kwa la kwanza, la tatu linalikuta chini zaidi, na mwisho ni kama halipo. Mwendeshaji anasema njia ni mbovu. Njia ni ile ile wanayopita wenzake.

Raba za usukani ziwe za unene unaolingana na kiganja; nyembamba sana zinafanya vidole vibane, nene sana vilevile. Glovu zinasaidia jasho na michubuko, basi, zisitarajiwe kufanya zaidi.

Siku ya kushuka yenyewe, kosa linalorudiwa ni kwenda kasi kwenye safari ya kwanza. Gari limewapandisha, mikono ina baridi, mzuka uko juu, mtu anajiachia. Timu haiingii uwanjani bila kupasha misuli, na mikono nayo ni misuli. Dakika 10 za kuendesha taratibu, kufungua na kufunga ngumi, na safari ya kwanza ya kuangalia njia tu, huwa zinaokoa safari nne zinazofuata. Njia ikiwa ndefu, kusimama katikati si aibu. Mikono inyanyuliwe, itikiswe, maji yanywewe. Anayeona vidole vinaanza kuchelewa kwenye breki asimame hapo hapo, asisubiri kona inayofuata imwambie.

Kuna dalili ambazo si za kukandwa nyumbani. Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete inatokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, na ikija mara kwa mara inataka kubadilisha mkao na kumwona daktari. Vigasha vinavyojaa kila safari hata baada ya kurekebisha yote yaliyotajwa, au maumivu yanayobaki saa nyingi baada ya kupumzika, yanahitaji hospitali pia. Upasuaji wa kufungua ule utando upo, na ni daktari anayeamua nani unamfaa. Na aliyeanguka, mkono ukavimba, ukakaza, maumivu yakazidi badala ya kupungua na vidole vikapoteza hisia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Msuli uliokosa damu kwa saa kadhaa unaweza kufa kabisa.

Zigo la haya yote haliwezi kuachiwa kijana peke yake. Wenye kukodisha baiskeli kwenye maeneo ya milima wanapokea pesa, wanatoa kofia ngumu, wanaonyesha njia kwa kidole, basi. Mteja mwenye mkono mdogo, mara nyingi mwanamke au mtoto wa shule, anapewa baiskeli iliyopangwa kwa mwanaume mkubwa aliyekodi jana. Mwenye duka asiyekuwa na muda wa kusogeza skrubu ya breki kabla ya kumruhusu mteja aende kushuka mita mia kadhaa za mlima hastahili kupokea pesa hiyo. Waandaaji wa mbio nao wana kawaida ya kukagua namba ya kifuani kuliko breki. Meza ya ukaguzi pale mwanzo, fundi mmoja, pampu yenye kipimo na mahali pa kusimama katikati ya njia ni vitu vinavyowezekana hata kwa mbio ndogo ya wilaya.

Wanaoteremsha magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi kwa baiskeli hawahesabiwi kama wanamichezo, lakini wanashuka milima ile ile, kila siku, na mzigo mgongoni mwa chombo, wengine wakisimamisha kwa soli ya kandambili kwenye tairi. Klabu za baiskeli zinazoanzishwa sasa zikitaka kuonyesha kwamba zipo, zianze na hao: waya mpya wa breki na raba nne ni gharama ndogo kuliko jezi za klabu, na fundi wa kuzifunga yuko kila kijiji.